Amplifaya gani ya kuunganisha sensa ya CO2 (MG811) na ESP32 kwa ajili ya mazuku?

Keshero_Elektroniki

Jambo kwenu mafundi. Ninatengeneza kifaa cha kuonya watu juu ya mazuku (gesi ya CO2, yaani kaboni dioksidi, inayotoka ardhini na kujikusanya mashimoni) kwenye parseli (kiwanja) moja upande wa Keshero, hapa Goma, karibu na shimo ambalo watoto hupenda kuchezea. Sensa ni MG811 tupu, yaani haijawekwa kwenye kibao chake chenye amplifaya. Mikrokontrola ni ESP32. Umeme unatoka kwenye betri ya sola ya 12 V: LM2596 moja inashusha hadi 6 V kwa ajili ya hita ya sensa, nyingine inatoa 5 V kwa ESP32 na opampu (chipu ya amplifaya).

Opampu ni LM358. Elektrodi chanya ya sensa inaingia mguu wa 3, na nimepanga ikuze mara 8.5 kama inavyoonekana kwenye michoro mingi ya MG811. Tokeo linakaa karibu na 3.5 V saa zote. Ukipulizia pumzi, hakuna kinachobadilika. Ukiweka multimita kwenye mguu wa 3, volti zinashuka ghafla, na ukiiondoa zinapanda tena.

Maswali yangu:
- Kati ya LM358, TL072, CA3140 na MCP6002, ipi inafaa?
- Ni lazima kukuza mara 8.5?
- Nikitumia ADS1115 (chipu ya nje inayosoma volti na kuipa ESP32 namba) naweza kuacha opampu kabisa?

Aksanti sana.

Fundi_Virunga

Ndugu, kwanza toa waya unaotoka LM358 kwenda ESP32. Miguu ya ESP32 ni ya 3.3 V, na 3.5 V inayokaa pale saa zote inaweza kuiharibu.

Sasa tuje kwenye sababu. MG811 haifanani na MQ-7 wala MQ-135. Zile za MQ ni ukinzani unaobadilika: unaziwekea resista ya 10 kΩ, unasoma volti katikati, na amplifaya haihitajiki. MG811 ni kama betri ndogo sana ya elektroliti ngumu. Inatoa volti yake yenyewe, kati ya 100 na 600 mV, na volti hiyo inashuka CO2 inapopanda. Lakini betri hiyo haina nguvu ya kutoa mkondo. Watengenezaji wa sensa za aina hii hutaka ingizo lenye ukinzani wa zaidi ya 100 GΩ na mkondo usiozidi 1 pA.

LM358 inapitisha 20 hadi 45 nA kwenye ingizo lake, yaani makumi ya maelfu ya mara juu ya kiwango hicho. Chukua sensa yenye ukinzani wa ndani wa 10 MΩ tu: 20 nA × 10 MΩ = 200 mV za uongo, na kwa ukuzaji wa mara 8.5 hiyo ni 1.7 V. Transista za ingizo la LM358 ni za aina ya PNP, kwa hiyo mkondo unatoka kwenye opampu kwenda kwenye sensa na kuisukuma juu. Na LM358 yenye 5 V haiwezi kupanda zaidi ya takriban 3.5 V, kwa sababu inaacha volti 1.5 chini ya umeme wake. Ndiyo maana tokeo lako limekwama hapo. Multimita nayo ina ukinzani wa 10 MΩ: ukiigusisha, mkondo ule unapata njia ya kwenda masi (upande wa 0 V) na volti zinashuka. Usipime MG811 moja kwa moja kwa multimita hata siku moja, pima kwenye tokeo la opampu.

Kuhusu orodha yako:

TL072 iache. Mkondo wake ni mdogo, lakini haikubali ingizo lililo karibu na masi ikiwa umeme ni wa upande mmoja. Sensa yako iko 0.3 V juu ya masi. Pale TL072 huweza hata kugeuza tokeo lake kutoka chini kwenda juu.

CA3140 inafanya kazi, na ndiyo inayoonekana kwenye vibao vingi vya MG811. Ingizo lake linashuka hadi masi na mkondo wake ni wa pikoampea chache. Ila inataka angalau 4 V, kwa hiyo huwezi kuilisha kwa 3.3 V. Ukiilisha kwa 12 V na sensa ikakatika, tokeo laweza kufika 10 V na ESP32 ikafa.

MCP6002 ndiyo ningechagua. Mkondo wa ingizo ni 1 pA kwa 25 °C, inakubali 1.8 hadi 6.0 V, ingizo na tokeo vyote vinafika karibu kabisa na masi na karibu na umeme wa juu. Ilishe kwa 3.3 V ileile ya ESP32 na tokeo haliwezi kamwe kuzidi 3.3 V, hata sensa ikikatika. Huo ni ulinzi usio na gharama.

Mtu atasema ofseti yake (kosa dogo la volti kwenye ingizo) inaweza kufika 4.5 mV. Kwa sensa hii haijalishi, maana ofseti isiyobadilika inafutika unapofanya kalibresheni (kulinganisha na gesi ya kiasi kinachojulikana). Kinachohesabika ni jinsi inavyobadilika na joto, takriban 2 µV kwa kila digrii. Kwa tofauti ya digrii 20 ni 40 µV, na hiyo haionekani.

Mpangilio: nusu ya kwanza ya MCP6002 iwe bafa tu (inarudia volti ya sensa bila kuikuza wala kuivuta mkondo), yaani mguu wa 1 uunganishwe na mguu wa 2, sensa iingie mguu wa 3. Nusu ya pili ndiyo ikuze, ukitaka kukuza. Mara 8.5 ilifaa Arduino Uno ya 5 V yenye hatua za 4.88 mV. ESP32 inasoma vizuri kati ya 150 na 2450 mV tu kwenye kiwango chake kikubwa, na sensa inaweza kutoa hadi 600 mV. Kwa hiyo mwisho wako ni mara 4. Tumia 27 kΩ kutoka tokeo kwenda ingizo hasi na 10 kΩ kwenda masi: unapata mara 3.7, na 600 mV inakuwa 2.22 V. Kisha weka 10 kΩ na kapasita ya 10 µF mbele ya mguu wa ESP32. Gesi haibadiliki kwa milisekunde, kwa hiyo chujio hilo halikupotezei kitu. Tumia GPIO 32 hadi 39, kwa sababu miguu ya ADC2 (kisoma-volti cha pili cha ESP32) haisomi volti wakati Wi-Fi imewashwa.

ADS1115 haiondoi bafa. Ingizo lake lina megaomu chache tu kwenye kiwango cha 1.024 V, itaizamisha sensa kama multimita inavyofanya. Lakini bafa ikiwepo, ADS1115 inasoma kwa hatua za 31.25 µV na hapo huhitaji kukuza kabisa. Bafa pamoja na ADS1115 ndiyo njia safi kuliko zote.

BoraMasi

Mkubwa Fundi_Virunga ameeleza opampu vizuri. Naongeza mambo mawili ambayo huvunja kazi hata opampu ikiwa sahihi: masi ya hita na uvujaji wa mkondo kwenye plaki (kibao cha saketi).

Hita ya MG811 inakula karibu 200 mA kwa 6.0 V, na volti hiyo inatakiwa isitoke nje ya 5.9 na 6.1. Sasa angalia waya wa masi. Ukitumia waya mmoja kurudisha mkondo wa hita na pia kuwa masi ya elektrodi, na waya huo pamoja na viunganishi vyake una 0.1 Ω, 200 mA × 0.1 Ω = 20 mV. Kwa MG811 hizo 20 mV ni karibu tofauti nzima kati ya hewa safi na 1,000 ppm (sehemu kwa milioni) za CO2. Kila mara kiunganishi kinapopata kutu, kifaa kitasema gesi imebadilika. Kwa hiyo hita iwe na waya zake mbili zinazokwenda moja kwa moja kwenye LM2596, elektrodi hasi iwe na waya wake hadi masi ya opampu, na masi hizo mbili zikutane mahali pamoja tu.

LM2596 nayo ina kelele. Kama inasumbua, tumia LM317: resista ya 240 Ω na ya 910 Ω zinatoa 6.0 V. Kwa betri ya 12 V itachoma kama 1.2 W, kwa hiyo ifungie kipande cha alumini, na uiweke mbali na opampu. Mkondo wa ingizo wa MCP6002 unapanda kutoka 1 pA hadi 19 pA ukifika 85 °C, na sensa yenyewe tayari ni jiko dogo la 1.2 W.

Uvujaji: mguu wa 3 unapakana na mguu wa 4, ambao ni masi. Mabaki ya fluksi (dawa ya kulehemu), vumbi jeusi la Goma na unyevu wa ziwani vikikaa kati ya miguu hiyo, unapata njia ya gigaomu moja au hata pungufu. Kwa 0.3 V hiyo ni 0.3 nA, mara mia tatu ya mkondo wa opampu uliyoichagua kwa uangalifu. Bredibodi usiitumie kabisa kwa mguu huo. Fanya hivi:

Inua mguu wa 3 juu usiguse plaki, ulehemu waya wa sensa hewani moja kwa moja. Kama unachora plaki yako mwenyewe, zungushia mguu wa 3 mstari wa shaba uliounganishwa na mguu wa 1. Mstari huo una volti ileile ya sensa, kwa hiyo hakuna kinachovuja kuelekea kwake. Ukimaliza kulehemu, osha kwa pombe ya isopropili na brashi, subiri ikauke kabisa, kisha paka vanishi ya plaki. Ukipaka juu ya fluksi unaifungia humo. Sensa yenyewe usiipake vanishi wala kuisafishia pombe.

Waya kati ya sensa na opampu usizidi sentimita 2 au 3. Ukiona tokeo linacheza unaposogeza mkono, huo ni urefu wa waya. Na usiweke kapasita ya elektroliti kwenye ingizo ili kutuliza, maana inavuja kuliko sensa inavyoweza kutoa. Chujio likae upande wa tokeo.

Keshero_Elektroniki

Aksanti wakubwa. Nitachukua MCP6002 pamoja na ADS1115. Sasa kalibresheni: nabadilishaje milivolti kuwa ppm, na nitapata wapi gesi ya kujua kiasi chake hapa Goma? Nilitaka kupeleka sensa kwenye mazuku yenyewe nione inasoma nini.

Mama_Volti

Mwanangu, kwenye mazuku usiende kukalibrisha. Hujui mle mna asilimia ngapi, kwa hiyo hata kipimo hakikusaidii. Na CO2 ni nzito mara 1.5 kuliko hewa, inalala chini pale utakapoinama kuweka kifaa. Asilimia 10 inaweza kumwangusha mtu ndani ya dakika chache, bila harufu yoyote ya kumwonya. Kifaa kikishakamilika, kishushe kwa fimbo ndefu ukiwa umesimama juu upande unakotoka upepo, na mtu wa pili akiwa anakuona. Asubuhi mapema kabla upepo haujaamka ndiyo saa mbaya zaidi.

Kwanza iache hita iwake saa 24 hadi 48 bila kuzima. Ukikalibrisha kabla ya hapo, namba zote zitahama.

Pointi ya kwanza ni hewa ya nje, karibu 420 ppm. Chagua mahali pa juu penye upepo, mbali na moshi wa makala (makaa), magari na grupu (jenereta). Andika milivolti, uite E0.

Pointi ya pili unaitengeneza. Chukua bidoni (dumu) ya lita 20 yenye mdomo mpana wa kuingiza sensa, upime ujazo wake kwa maji, kisha uikaushe. Kwenye chupa ya nusu lita weka gramu 5 za bikaboneti ya soda na mililita 80 za siki. Usikaze kifuniko, chupa itapasuka. Pale Goma, kwa shinikizo letu la karibu hPa 850, gramu 5 zinatoa takriban lita 1.7 za CO2, na hizo zinatosha kufukuza hewa iliyokuwa ndani ya chupa. Povu likitulia, vuta mililita 50 za gesi kwa sindano kubwa ya mililita 60, kutoka sehemu iliyo juu ya siki, usivute maji. Ingiza ndani ya bidoni, funika, tikisa kipande cha karatasi kigumu ndani ili ichanganyike. 50 mL ndani ya lita 20 ni 2,500 ppm; ongeza 420 iliyokuwemo, una takriban 2,900 ppm. Huu ni uwiano wa ujazo kwa ujazo, kwa hiyo mwinuko wetu hauuharibu.

Hesabu: sensa inafuata logarithimu. Tuseme E0 ni 310 mV, na kwenye bidoni umepata 270 mV. Tofauti ni 40 mV. Logarithimu ya 2,900 kugawa kwa 420 ni 0.84. 40 gawa kwa 0.84 ni karibu 48 mV kwa kila CO2 ikiongezeka mara kumi, iite S. Kisha ppm = 420 × 10^((E0 − E)/S). Ukipata S iliyo chini sana, mathalani 15 mV, usiikubali. Rudi uangalie uvujaji aliokuambia BoraMasi, au hita isiyofika 6 V.

Ona jambo moja hapa: kwa S ya 48 mV, kosa la 1 mV ni kosa la asilimia 5 ya ppm, na kosa la 5 mV ni asilimia 27. Ndiyo sababu ADC ya ESP32 peke yake bila kukuza haitoshi, na ndiyo sababu masi ya hita ina uzito kuliko jina la opampu. Pumzi ya mdomo itumie tu kuona kama sensa iko hai. Ina karibu asilimia 4 ya CO2 pamoja na unyevu mwingi, haiwezi kuwa kipimo.

Lakini nakuomba ufikirie upya sensa yenyewe. MG811 imetolewa kwa 400 hadi 10,000 ppm, yaani mwisho asilimia 1. Mazuku hupita hapo mbali. Kama kifaa ni cha kupiga kengele tu, inafaa: weka onyo la kwanza 5,000 ppm, na la pili la kuondoka 10,000. Kama unataka kujua kiasi, chukua sensa ya infraredi kama SCD30, inayofika 40,000 ppm. Hiyo haihitaji amplifaya yoyote, inaongea na ESP32 kwa waya za I2C kwenye anwani 0x61, na inakula wastani wa 19 mA badala ya 200. Mambo mawili tu usiyasahau ukiitumia hapa. Iambie mwinuko wa Goma, takriban mita 1,500, la sivyo itasoma pungufu kwa karibu asilimia 15. Na zima kalibresheni yake ya kujiendesha. Inadhani kila siku inaona hewa safi ya 400 ppm. Ikikaa kwenye shimo lisilosafika, itafanya gesi ya mazuku ndiyo hewa safi na kengele haitalia. Kwenye MH-Z19, sensa nyingine ya infraredi, unaizima kwa baiti FF 01 79 00 00 00 00 00 86.

Mwana_wa_Kivu

Samahani naingilia. Mpangilio huu huu wa bafa unaweza kutumika kwa sensa ya CO (monoksidi ya kaboni) kama TGS5042? Watu wengi hapa wanalala na imbabura (jiko la makaa) ndani.

Fundi_Virunga

Hapana, ndugu, ile ni kinyume kabisa. TGS5042 inatoa mkondo, 1.2 hadi 2.4 nA kwa kila ppm ya CO, na haitaki volti juu yake. Unaiunganisha kwenye ingizo hasi la opampu, na resista ya 1 MΩ kutoka tokeo kurudi ingizo hilo, pamoja na kapasita ya 1 µF sambamba nayo. Unapata 1.2 hadi 2.4 mV kwa kila ppm. Hapo ofseti ndiyo mwiba, maana inakaa juu ya elektrodi saa zote na kuichosha sensa. MCP6002 yenye 4.5 mV iko karibu mno na mpaka. Chukua MCP6072, ofseti yake haizidi 150 µV na miguu ni ileile. Na kifaa kikizimwa, sensa isiachwe wazi: elektrodi zake ziwe na resista inayoziunganisha, la sivyo ukiiwasha itachukua muda mrefu kutulia.

Kwa Keshero_Elektroniki, jambo la mwisho kabla hujafunga sanduku. MG811 ikikatika waya, ingizo linaelea na linaweza kusoma chochote, hata hewa safi. Pima mkondo wa hita kwa resista ya 0.5 Ω upande wa 12 V, kabla ya LM2596, ambapo haigusi ile 6.0 V. Hapo unatarajia kama 110 mA, kwa hiyo karibu 55 mV juu ya resista, na ADS1115 ina ingizo za kutosha: gawanya ncha zote mbili za resista kwa 100 kΩ na 10 kΩ za usahihi wa asilimia 0.1, usome tofauti, na uandike namba ya kawaida siku ya kwanza ili ulinganishe nayo. Ikishuka nusu, au tokeo la sensa likitoka nje ya 100 hadi 600 mV, kengele ilie kana kwamba gesi ipo. Na weka taa ndogo ya kijani inayomweka kila sekunde 5 kutoka kwenye programu yenyewe. Isipomweka, watu wa parseli wajue kifaa hakilindi mtu siku hiyo, na watoto wasishuke.